Saa tano usiku Kariakoo, tumbo tupu: nilipokula, na nilipopita bila kukaa

Treni ya jioni kutoka Dodoma ilinishusha Dar es Salaam karibu saa nne na nusu usiku. Tumboni nilikuwa na chapati moja na chai ya saa saba mchana, basi. Mgongoni begi, na ndani ya begi mifuko mitatu ya salfeti niliyoikunja, mitupu, ya kurudia na mzigo. Nauza nguo za watoto Dodoma. Kila mwezi nakuja Kariakoo kufungasha, na sikukuu zikikaribia nakuja mara mbili.

Nimekula usiku katika mji huu miaka mingi, mara nyingi nikiwa peke yangu na pesa ya mtaji mwilini. Mtu aliyebeba mtaji hachagui pa kula kama mtu aliyetoka matembezi na rafiki zake. Nitasema nilikula wapi safari hii, bei zilikuwaje, kizuri kilikuwa nini na upungufu ulikuwa wapi, na nitaeleza kwa nini nilipita sehemu kadhaa kabla ya kuvuta kiti. Namwandikia hasa mwanamke mwenzangu anayekuja kufungasha kwa mara ya kwanza, anashuka pale stesheni na njaa na hajui ashike njia ipi.

Zamani jambo hili halikunisumbua. Basi liliondoka Dodoma asubuhi, tukala njiani jua likiwaka, jioni tuko Ubungo. Baadaye ikawa Mbezi Luis, stendi ya Magufuli ilipofunguliwa 2021. Mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo saa za kula zilijulikana. Mwaka 2023 yakaruhusiwa tena. Mwaka 2024 ikaja treni ya umeme ya SGR. Nilipoanza kuipanda nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 31,000, na mimi niliyezoea kumaliza siku nzima barabarani nikajikuta nafunga duka mchana, nalala Dar usiku uleule. Halafu mwanzoni mwa 2025 Kariakoo ikatangazwa kuwa soko la saa 24. Kila mwaka umemwaga barabarani watu wengine wenye njaa baada ya saa nne usiku. Mabanda ya chakula yameongezeka kwa sababu hiyo, na si yote yanayostahili tumbo lako.

Najua ninachosema. Mwaka juzi, mwezi Januari, nilifika usiku kama hivi nikaingia hoteli moja ambayo sitaitaja. Viti vya sofa, kiyoyozi, televisheni ukutani, menyu ya picha. Nilijiambia hapa ndipo penye usalama. Nikaagiza pilau kuku. Sahani ilifika ndani ya dakika mbili, na hapo ndipo nilipotakiwa kuinuka. Juu vuguvugu, katikati baridi, na kuku ana ngozi iliyokauka kama amekaa kwenye sufuria tangu mchana. Nilikuwa na njaa, nikala. Saa tisa usiku nilikuwa nimepiga magoti chooni pale lodge. Kesho yake yote nililala, mhudumu wa mapokezi akiniletea maji ya chumvi na sukari, Mungu ambariki. Nilipoweza kusimama, sare za shule nilizozifuata zilikuwa zimechaguliwa. Nikafungasha zilizobaki, saizi ambazo wazazi hawaziulizii. Baadhi ya yale mashati bado yako kwenye rafu zangu Dodoma.

Tangu siku ile sitazami viti. Natazama moto.

Chakula cha usiku kinachonipa imani ni kile ninachokiona kinaiva. Kama kimepikwa saa sita mchana na sasa ni saa tano usiku, hata mpishi awe msafi kiasi gani, joto la Dar limeshafanya kazi yake humo ndani. Kwa hiyo nauliza macho yangu: jiko linawaka au limezimwa? Nyama ni mbichi inayoingia motoni sasa, au imekwisha kuchomwa na inapashwa? Mafuta ya karai yana rangi gani? Yakiwa meusi kama oili chafu, yanatoa povu jingi na moshi unaowasha macho, naondoka hata kama nimeshasema naagiza. Maji ya kunawa nayo yanasema mengi. Ndoo yenye bomba na sabuni ni mtu anayefikiria mikono yako. Beseni moja ambalo wateja kumi wamenawia, hapana.

Halafu naangalia nani anakula. Watu wengi husema nenda palipojaa, nami nakubali nusu. Palipojaa wanaume wenye chupa mezani hapanifai, hata chakula kiwe kitamu vipi. Natafuta bodaboda, wapagazi, walinzi wa maduka, watu wanaokula hapo kila siku kwa pesa yao ya jasho. Hawa mpishi akiwalisha vibaya leo, kesho hawaonekani. Na natafuta mwanamke mwingine. Nikimwona mwanamke ameketi anakula bila haraka, mkoba uko mapajani, hajakunja uso, najua hapo panakalika.

Basi, safari yenyewe.

Nje ya stesheni nilikutana na wauza mayai ya kuchemsha, wale wa trei na chupa ya pilipili. Nilinunua moja, 500, nikalimenya mwenyewe, chumvi tu. Yai la kuchemsha ni chakula ninachokiamini saa yoyote, maana ndani ya ganda lake hakuna aliyeshika. Kachumbari yake ndiyo siigusi: nyanya na vitunguu vilivyokatwa tangu alasiri, vikazunguka mjini kwenye kopo. Yai lile lilinituliza nikaacha kutetemeka, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mtu anayetetemeka kwa njaa anachagua vibaya. Nawasihi wenzangu: mle kitu kidogo kwanza, halafu ndipo mtafute chakula.

Nilifikiria kwenda upande wa mjini, kwa wachomaji wa kuku. Mtu akiniuliza apeleke wapi familia au wageni usiku, nitamwambia Mamboz, kona ya Morogoro Road na Mtaa wa Libya. Pale ni mkaa, meza ziko nje, wanafanya kazi kuanzia jioni, na kuku wao wa sekela anatoka motoni akiwa na ule weusi wa pembeni na limao juu. Nilikula pale na dada yangu na wanawe na tulifurahi sana. Ila kwa mtu mmoja mwenye begi, anayelala Kariakoo, ni kuzunguka. Ukimaliza kula inabidi uanze tena kutafuta usafiri, usiku umekua zaidi na umeshiba, na mtu aliyeshiba hana macho makali. Kanuni yangu ni kula karibu na kitanda. Nikachukua bodaboda, 2,000, hadi lodge, nikaacha begi, nikagawa pesa: ya mtaji ikabaki mahali pake, ya chakula nikaweka mfuko wa mbele wa dera, 10,000 kwa noti ndogondogo. Nikatoka kwa miguu.

Kariakoo ya saa tano usiku si ile ya mchana. Mchana huwezi kuinua mkono bila kumgusa mtu. Usiku unaona lami. Unaona mabango, unaona maghorofa yalivyo marefu. Mikokoteni imefungwa minyororo, makatoni yamekunjwa, na kwenye baadhi ya mitaa maduka yako wazi kweli, taa nyeupe, wauzaji wamekaa kwenye viti wakiperuzi simu. Mitaa mingine ni giza, na mitaa ya giza sipiti hata kama inafupisha njia.

Barabara ya Msimbazi nilimkuta mama ntilie akiosha sufuria. Kwenye hotipoti alikuwa na wali, na maharage kwenye bakuli lililofunikwa. Nilimsalimia shikamoo, maana ni mtu mzima kunizidi, akaitikia marahaba akiwa bado ameinama. Nikamuuliza kama kuna chakula.

“Kipo mwanangu,” akasema, “lakini sikudanganyi. Wali huu wa saa kumi. Ungekuja jioni ningekupakulia kwa moyo mmoja.”

Nilisimama pale nikamwangalia. Alikuwa anaweza kupata 3,000 yangu kirahisi, hakuna ambaye angejua. Nikamuuliza yeye angekuwa mimi angekwenda wapi. Akanyoosha mkono wenye povu: “Nenda Mtaa wa Narung'ombe kwa yule kijana wa chipsi. Anamenya viazi mbele yako. Mwambie umetumwa na mama wa Msimbazi.” Mpishi akikuelekeza kwa mpishi mwingine, nenda. Sijawahi kupata ushauri bora kuliko huo katika mji wowote, na mchana uliofuata nilirudi kwake nikala wali wake ukiwa wa moto. Ulikuwa mzuri, nazi imekolea.

Njiani nikapita kwenye meza ya supu ya pweza. Sufuria inachemka, vikombe, ndimu, pilipili, wanaume wamesimama wamezunguka. Supu ile haina tatizo, inachemka muda wote. Nimewahi kuinywa Tanga nikaipenda. Ila hapa Dar mwanamke akisimama kunywa supu ya pweza usiku, macho na maneno ya watu hayamwachi, kwa sababu ya yale yanayosemwa kuhusu pweza na nguvu za kiume. Natamani ingekuwa tofauti. Nilipita.

Banda la kijana wa Narung'ombe halina jina lililoandikwa. Utalitambua kwa kabati la kioo lenye rangi ya bluu chini, na balbu moja kubwa. Kwenye kioo imebandikwa lipa namba, ya kulipia kwa simu. Jina linalotokea ukilipa ni la mtu, si langu kulitangaza. Meza mbili za plastiki, benchi moja, stuli sita au saba. Nyuma yake duka limefungwa shata, na mlinzi wake amekaa hapo hapo, naye mteja.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba kabati lilikuwa karibu tupu. Mgeni anaweza kudhani chakula kimekwisha. Mimi nilifurahi. Mabanda mengi ya chipsi yanakaanga mlima mmoja wakati wa magharibi, unakaa kwenye kioo hadi usiku, kisha ukifika wanazitumbukiza tena kwenye mafuta zipate joto. Unazitambua: nje ngumu, ndani zimenywea, zinaacha mafuta kwenye ulimi. Hapa kijana wa pili alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisu mkononi, anamenya viazi na kuvitumbukiza kwenye maji. Kutoka kwenye maji vinakaushwa kwa kitambaa, vinaingia karaini, vinatoka, vinaondoka na mteja. Karai liko kwenye jiko la gesi. Mkaa upo, lakini ni wa mishkaki peke yake, kwenye jiko refu la bati, na mtu wa tatu anapepea kwa kipande cha katoni. Mafuta yalikuwa ya rangi ya asali. Nilisogea nikayachungulia kabisa, na mpishi hakukasirika.

“Shikamoo mama. Angalia tu, karibu.”

“Marahaba mwanangu. Nimetumwa na mama wa Msimbazi.”

Akacheka kwa furaha, akamwita mwenzake avute stuli. Hakuniweka kwenye benchi walikokaa bodaboda watatu. Aliniweka upande wa balbu, karibu na dada mmoja mwenye mtandio wa njano aliyekuwa anasubiri chipsi za kubeba. Sikuomba. Alifanya mwenyewe, kama mtu aliyezoea kufikiria nani akae wapi. Kwangu mimi hilo lina uzito sawa na usafi wa mafuta.

Niliagiza chipsi mayai na mishkaki minne. Nikasema yai liive hadi katikati, nisione ute. Akavunja mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, chumvi, akayapiga kwa uma hadi yakatoa mapovu. Kikaango kidogo kikapata kijiko kimoja cha mafuta. Chipsi zikaingia zikiwa bado zinachirizika kutoka karaini, akazitandaza, akamwaga mayai kuzunguka ukingo kwanza, katikati mwisho. Hapo ndipo wengi wanaharibu: wanamwaga katikati, pembeni panaungua huku ndani maji. Huyu aliinamisha kikaango, akakizungusha, ute wote ukakimbilia chini. Akaweka sahani juu, akapindua, akairudisha ikaive upande wa pili. Watu wa mjini wanaita zege, kwa sababu vitu vinachanganywa na kushikamana kama zege la kujengea, lakini zege hili lilikuwa jepesi. Nilipolikata kwa uma halikumwagika. Viazi ndani vilikuwa laini na vyenye ladha ya viazi, nje yai lina rangi ya dhahabu na madoa ya kahawia. Nilikula robo ya kwanza bila kuongeza kitu chochote.

Mishkaki ilikuwa ya ng'ombe, vipande vidogo, kila kijiti kina kipande kimoja cha mafuta katikati kinacholainisha vingine. Ilikuwa imelowekwa kwenye kitunguu saumu na tangawizi, na nadhani papai bichi, kwa sababu ililainika bila kuwa uji. Iliingia motoni mbichi mbele yangu na nikaisubiri. Minne ilikwisha nikaongeza miwili. Naomba niseme wazi kwamba mishkaki ya 500 yenye nyama halisi, iliyochomwa pale pale saa tano usiku, ni zawadi kwa msafiri, na watu wanaoipika wanastahili kushukuriwa kwa sauti. Niliwaambia.

Sasa upungufu, maana sitaki mtu aende akitegemea kingine. Utasubiri. Mimi nilisubiri dakika ishirini na tano, na ukiwa na treni ya kuwahi hapafai. Tomato sosi yao imeongezwa maji hadi inakimbia sahanini, na pilipili ya chupa vilevile. Beba ya kwako kama unapenda kali. Kachumbari ipo ya kabichi, nikaikataa kama ninavyoikataa kila mahali baada ya saa mbili usiku, na mpishi akaniongezea ndimu badala yake. Hakuna choo, kwa hiyo malizia haja zako lodge. Mtaro wa maji machafu uko hatua chache, na upepo ukigeuka unaupata. Banda la jirani linauza simu na lina spika inayopiga muziki kwa nguvu mno. Ilinibidi niinue sauti kuagiza. Na stuli ni fupi. Mimi magoti yanasumbua, niliinuka kwa kushika meza.

Umeme ulikatika nikiwa katikati ya kula. Mtaa mzima ukawa giza kwa pumzi moja, na moyo wangu ukaruka kwenye pesa niliyokuwa nayo, ingawa ya mtaji ilikuwa mahali pake. Kabla sijaweka uma chini, kijana wa viazi alikuwa amewasha taa ya kuchaji iliyoning'inia kwenye mwavuli, akaielekeza upande wetu, mimi na yule dada. Moto wa mkaa ukawa mwekundu gizani. Muziki wa jirani ukanyamaza na kwa dakika chache tukasikia mafuta yakilia kwenye karai.

Na kuna jambo moja lililonifanya niandike haya yote. Mwanaume mmoja alikuja baadaye, akakaa karibu, akaanza maswali. Nimetoka wapi. Nimefikia lodge ipi. Nimekuja kufungasha nini. Alikuwa anatabasamu, na huenda hakuwa na ubaya, lakini mwanamke msafiri anajua kwamba lodge yako si ya kutajwa mezani usiku. Nilijibu kwa “eeh” na “hapana”. Mpishi hakugeuka hata kutoka kwenye kikaango chake. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Kaka, muache mama ale. Wewe nikuwekee nini?”

Yule bwana akaagiza chipsi kavu, akahamia benchi la bodaboda. Ikaisha. Hakuna ugomvi, hakuna aibu kwa mtu yeyote. Nimekaa kwenye hoteli zenye walinzi wawili mlangoni ambako mteja anamsumbua mwanamke saa nzima na mhudumu anapita akiangalia pembeni. Nilipomaliza kula nilimwambia kijana yule kwamba mama yake amemlea. Akasema mama yake naye alikuwa anauza chakula usiku, stendi, na kwamba alikuwa anakwenda naye akiwa mdogo. Sikuuliza stendi gani. Nilielewa.

Hesabu yangu: chipsi mayai 3,500, mishkaki sita 3,000, Stoney Tangawizi ya chupa 1,000. Jumla 7,500. Ile pilau ya kwenye sofa mwaka juzi ilikuwa 8,000. Nililipa taslimu kwa sababu usiku sipendi kutoa simu barabarani, lakini lipa namba inafanya kazi, yule dada wa mtandio aliitumia. Ukilipa kwa simu, soma jina kwa sauti ya chini na umwonyeshe kabla hujabonyeza siri yako. Kijana mwenyewe atakuomba ufanye hivyo.

Kuku wao sikumjaribu. Nilimwona, robo paja na kidari, amelowekwa kwenye ndoo ya plastiki yenye barafu, na bodaboda waliomla walinyonya hadi mifupa. Ndizi za kuchoma zipo pia, ila zilikuwa zimekwisha nilipofika. Kama unazitaka nenda kabla ya saa nne.

Muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe vyake. Nilikunywa viwili, vyenye tangawizi, na kashata moja ya karanga, nikiwa bado kwenye stuli ile. Kahawa ya usiku hainizuii kulala; mwili uliokaa kwenye treni na kutembea Kariakoo unalala tu. Yule dada alikuwa ameshaondoka na mfuko wake wa chipsi, anapeleka kwa wenzake walioko duka la vitambaa linalokesha. Aliniambia yeye hula hapo mara tatu nne kwa wiki tangu duka lao lianze kufungua usiku, na hajawahi kuumwa tumbo. Hilo ningetaka niambiwe mapema, kabla ya pilau ya Januari.

Nilirudi lodge saa sita kasoro robo. Si mbali, lakini mlinzi wa lile duka alinisindikiza hadi kwenye kona yenye taa, bila kuombwa, bila kutaka kitu. Wakati ninaondoka ndoo ya viazi ilikuwa imebaki theluthi. Walisema hufunga vikiisha, kwa kawaida saa nane, na Ijumaa huchelewa kufungua kwa sababu wanarudi nyumbani kwanza.

Asubuhi saa kumi na mbili nilikuwa Mtaa wa Kongo, tumbo limetulia, nachagua magauni ya miaka miwili hadi mitano, saizi zote zikiwepo, wenye maduka wakiwa bado wanakata kamba za marobota.